Njorinjori hawajafa, wamebadilishiwa kazi

Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi sasa, wachambuzi wa mpira wa vikapu wamekuwa wakituimbia wimbo mmoja, kwamba zama za mchezaji mrefu zimekwisha. Wanatuambia kuwa tangu mtupo wa pointi tatu uutawale mchezo huu, lile jitu la futi saba lililozoea kusimama karibu na kikapu na kungojea kuletewa mpira kama mgonjwa aletewavyo uji halina tena mahali. Kauli hii ina ukweli wake katika ligi ya kulipwa ya NBA. Lakini anayeichukua na kuitumia kuelezea mpira wa vyuo vikuu vya Marekani atakuwa amepotoka. Tuzo za mchezaji bora wa vyuo za mwaka 2021 zilimwendea senta, Luka Garza wa Iowa. Mwaka 2022 zikamwendea senta mwingine, Oscar Tshiebwe wa Kentucky. Mwaka 2023 na 2024 zikachukuliwa mara mbili mfululizo na Zach Edey wa Purdue, kijana wa Kanada mwenye urefu wa futi 7 na inchi 4. Mlolongo huo ulikatika mwaka 2025, pale tuzo zilipomwangukia Cooper Flagg wa Duke, ambaye ni fowadi. Ikiwa hiki ndicho kifo, basi ni maiti mwenye nguvu za ajabu.

Kabla ya kusonga mbele, mwalimu wa lugha na aruhusiwe kusema neno moja. Wamarekani humwita mchezaji wa aina hii kwa jina ambalo tukilitafsiri neno kwa neno tutapata "mtu mkubwa", na mtu mkubwa katika Kiswahili ni waziri au mkurugenzi, hata akiwa na kimo cha kinu. Watangazaji wetu husema "senta", nalo si neno baya, ila linataja nafasi anayocheza mtu bali halimtaji mtu mwenyewe. Mimi nitasema njorinjori, neno ambalo wanafunzi wangu hulidhania kuwa la mitaani ilhali limo kamusini.

Sababu ya kwanza ya njorinjori kuendelea kutamba vyuoni imo ndani ya sheria. Sheria za mchezo huu zimekuwa zikiandikwa kwa kumhofia yeye tangu zamani. Mwaka 1944 ilipigwa marufuku kuupangua mpira unaoteremka kuelekea kikapuni, kwa kuwa George Mikan wa DePaul na Bob Kurland wa Oklahoma A&M walikuwa wakisimama pale na kuifagia mitupo ya wapinzani kama mtu anayefukuza nzi. Mwaka 1956, baada ya Bill Russell kuipa San Francisco ubingwa mara mbili, eneo la chini ya kikapu lilitanuliwa kutoka upana wa futi 6 hadi 12. Mwaka 1967, Lew Alcindor wa UCLA, aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar, alipomaliza msimu wake wa kwanza kwa ubingwa, kudanki kulikatazwa vyuoni, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 1976. UCLA ilinyakua ubingwa wa 1968 na wa 1969 vilevile, Alcindor akitumia mtupo wake wa ndoano ambao hakuna mkono ulioweza kuufikia.

Sheria za leo zinampendelea njorinjori wa chuoni kuliko ndugu yake wa NBA. Katika NBA, tangu msimu wa 2001-02, mlinzi asiyemkabili mtu haruhusiwi kukaa katika eneo la chini ya kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu. Vyuoni hakuna sheria hiyo. Mlinzi mrefu anaweza kujikita pale kama mbuyu na kungojea wanaokuja. Tena eneo lenyewe ni la upana wa futi 12 vyuoni, wakati lile la NBA ni futi 16. Maana yake ni kwamba njorinjori anayeupokea mpira ukingoni mwa eneo hilo yuko karibu na kikapu kwa futi mbili zaidi ya mwenzake wa NBA, na futi mbili kwa mtu wa namna hiyo ni hatua moja tu. Halafu mwaka 2019 mstari wa pointi tatu wa wanaume vyuoni ulisogezwa nje hadi futi 22 na ushei. Wengi waliliona badiliko hilo kuwa la kuwahusu watupaji peke yao. Kwa maoni yangu aliyefaidika zaidi ni njorinjori, kwa sababu walinzi walilazimika kuwafuata watupaji mbali zaidi, nalo eneo la katikati likaachwa wazi.

Hapa ndipo ilipo siri ya kazi yake mpya. Zamani njorinjori alikuwa mwisho wa safari ya mpira: ukimfikia, haurudi. Siku hizi aghalabu yeye ni kituo cha kati. Humkinga mwenzake anayeudunda mpira ili mlinzi anayemfuata akwame, kisha hugeuka na kukimbilia kikapuni. Hapo ulinzi hujikuta na maamuzi mawili, yote machungu. Ukimfuata njorinjori, mwenye mpira atapenya. Ukimsaidia mlinzi wa mwenye mpira, njorinjori atadanki. Na ukimvuta mlinzi wa tatu aje kuokoa jahazi, mtupaji aliyesimama pembeni ataachwa peke yake na pointi tatu zitaingia. Kwa hiyo ule mtupo wa mbali uliodaiwa kumuua njorinjori ndio unaomlisha, na yeye ndiye anayeulisha.

Purdue walijenga timu nzima juu ya hesabu hiyo. Edey alisimama katikati akizungukwa na watupaji wanne, na msimu wa 2023-24 alipata wastani wa pointi 25.2 na ribaundi 12.2 kwa kila mchezo. Lakini jengo la aina hii huanguka kwa namna mbili, na Purdue walizionja zote mbili. Machi 2023, wakiwa miongoni mwa timu nne zilizopangwa juu kabisa, walipigwa 63-58 na Fairleigh Dickinson, timu iliyokuwa na wachezaji wafupi kupita zote za daraja la kwanza. Vijana wale walimzunguka Edey mbele na nyuma, wakathubutu kuwaachia watupaji nafasi, na watupaji wakafunga mitupo 5 pekee kati ya 26 ya mbali. Mwaka mmoja baadaye, kwenye fainali ya tarehe 8 Aprili 2024, Connecticut walifanya kinyume kabisa. Walimwachia njorinjori wao, Donovan Clingan wa futi 7 na inchi 2, amkabili Edey kwa kiasi kikubwa peke yake, nao wengine wakaambatana na watupaji kama kupe. Edey alifunga pointi 37. Purdue nzima ilijaribu mitupo saba tu ya pointi tatu na kufunga mmoja, ikashindwa 75-60. Mwanafunzi anayetaka kuuelewa mpira wa vyuo wa leo na aisome michezo hiyo miwili kwa pamoja, kwani inaonyesha kuwa thamani ya njorinjori haipimwi kwa pointi zake peke yake, bali kwa yale anayowafungulia wenzake.

Ipo njia nyingine, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Msimu wa 2024-25, Michigan walikuwa na kocha mpya, Dusty May, baada ya msimu mbaya wa ushindi 8 na vipigo 24. Aliwachezesha pamoja njorinjori wawili wa futi saba, Vladislav Goldin wa Urusi na Danny Wolf, katika enzi ambayo timu nyingi zilimwona hata mmoja kuwa mzigo. Ajabu ni kwamba Wolf ndiye aliyekuwa akiudunda mpira, na Goldin ndiye aliyemkinga. Walinzi hawakuwa wameizoea picha hiyo ya mwenye futi saba akimpigia chenga mwenye futi saba. Michigan walitwaa ubingwa wa mashindano ya kanda yao ya Big Ten na kufika hatua ya timu 16 za mwisho. Msimu huo huo Florida waliwazungusha wanaume wanne warefu mmoja baada ya mwingine, akiwamo Rueben Chinyelu wa Nigeria, ili asiwepo anayechoka, nao wakawa mabingwa wa taifa kwa kuwalaza Houston 65-63. Si kwamba kuwachezesha warefu wawili ni jambo jipya. Georgetown walikuwa na Alonzo Mourning na Dikembe Mutombo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mutombo huyo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefariki Septemba 2024, alikwenda Marekani akitaka kuwa daktari na akatoka na shahada ya isimu na diplomasia, jambo ambalo sisi wanaisimu hatuchoki kulitaja.

Sababu ya pili ni ya soko, nayo haina utamu. NBA humtaka njorinjori anayeweza kutupa kutoka mbali au kumfukuza mchezaji mdogo uwanja mzima. Asiyeweza hayo hubaki chuoni mwaka wa tatu, wa nne, hata wa tano. Armando Bacot alicheza misimu mitano North Carolina. Hunter Dickinson alicheza mitatu Michigan na miwili Kansas. Kwa hiyo njorinjori wengi tunaowaona vyuoni wakiwasukuma vijana wa miaka 18 ni wanaume wa miaka 22 au 23 waliokwisha kukomaa. Tangu Julai 2021, wanamichezo wa vyuo waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, kubaki kumekuwa na faida zaidi, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja.

Ila mgeni si mwenyeji. Oscar Tshiebwe alizaliwa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mtaa. Msimu wa 2021-22 aliokota wastani wa ribaundi 15.1 kwa kila mchezo, na katika ule mchezo ambao Kentucky walidhalilishwa na Saint Peter's, yeye alifunga pointi 30 na kuokota ribaundi 16. Wenzake Wamarekani waliweza kutia saini mikataba ya matangazo na kuitekeleza nyumbani. Yeye, kwa kuwa viza ya mwanafunzi inambana mtu kufanya kazi, alilazimika kungoja ziara ya timu yake huko Bahamas, Agosti 2022, ili afanye shughuli hizo nje ya ardhi ya Marekani. Na alipojitokeza kwenye uteuzi wa NBA mwaka 2023, hakuna timu iliyomchagua. Ana urefu wa futi 6 na inchi 9, si mtupaji wa mbali, na ribaundi peke yake hazikutosha. Aliingia NBA kwa kupitia mkataba mdogo wa Indiana, wa kupanda na kushuka baina ya timu kubwa na ligi ya daraja la chini.

Mnielewe vyema: sisemi kwamba Tshiebwe alidhulumiwa na wateuzi. Nasema kuwa alifunzwa kufanya jambo moja, akalifanya kuliko binadamu yeyote wa rika lake, na soko likabadilika akiwa bado yumo darasani. Kabla yake tulikuwa na Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, aliyeifikisha Connecticut kwenye nusu fainali za mwaka 2009 kwa kuzuia mitupo zaidi ya minne kila mchezo. Tarehe 25 Juni 2009 aliteuliwa wa pili na Memphis, akawa Mtanzania wa kwanza katika NBA. Aliyeteuliwa wa saba usiku huo ni kijana mwembamba wa chuo cha Davidson aitwaye Stephen Curry, ambaye mitupo yake ya mbali ndiyo iliyokuja kuugeuza mchezo na kuifanya kazi ya Thabeet ionekane ya kale. Msimu wake wa kwanza ulikuwa haujaisha Thabeet alipopelekwa ligi ya chini, na baada ya mwaka 2014 hakuonekana tena katika NBA.

Kwa walimu wa michezo wa Afrika Mashariki hadithi hizi si za ng'ambo. Katika shule zetu, mvulana akirefuka ghafla akiwa kidato cha pili, hutumwa chini ya kikapu na kuambiwa asiudunde mpira, aurushe haraka kwa walio wafupi. Kocha anataka kushinda mashindano ya kaunti, na kwa kweli atayashinda. Lakini anayetoka kwenye mafunzo hayo ni mtu wa kazi moja, ilhali Michigan walikuwa na mwenye futi saba anayepanga mashambulizi.

Mfano wa kutazamwa kwa makini ni Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyelelewa Kawempe jijini Kampala na kufunzwa katika akademia ya NBA huko Saly, Senegal, kabla ya kuingia Duke mwaka 2024. Katika nusu fainali ya Aprili 2025, Duke waliposhindwa na Houston 70-67, pandikizi hilo la futi 7 na inchi 2 halikuokota hata ribaundi moja. Kwa kipimo cha zamani hiyo ingekuwa aibu ya kumfuata mtu maisha yake yote. Mwezi Juni aliteuliwa wa kumi katika NBA na kupelekwa Phoenix, kwa kuwa wateuzi walimwona mtu wa miaka 18 anayekimbia, anayegeuka upesi na ambaye bado anaweza kufundishika. Tshiebwe, aliyekuwa ameokota ribaundi 18 katika mchezo wake wa mwisho wa chuo, hakuwa ameteuliwa na yeyote.