Mwamuzi wa Watoto Ni Mwalimu

Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA huanzia chini: shule kwa shule, kata kwa kata, kisha wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Macho ya wengi huelekea kwenye fainali. Sisi tunaamini kwamba yanayostahili kutazamwa kwanza ni yale yatendekayo katika viwanja vya chini, kama vile vya Ifakara na Bonde la Kilombero, ambako hakuna jukwaa wala kamera, na mwenye filimbi ndiye sheria.

Bonde hilo ni pana. Kutoka Kidatu hadi Ifakara, na kutoka Ifakara hadi Mlimba, ni safari. Na masika mito ikifurika huwa safari nzito. Si rahisi kumfikisha mwamuzi mwenye cheti katika kila mchezo wa watoto. Anayeshika filimbi mara nyingi ni mwalimu, na pengine ni mwalimu wa mojawapo ya shule zinazocheza. Huku Unguja na Pemba masafa ni mafupi, lakini udugu uko karibu: mwamuzi huenda akawa mjomba wa mlinda mlango. Matatizo ni mawili, jawabu ni moja. Haki isiachiwe wema wa mtu; ipangwe.

Mwamuzi mwema kwanza aijue sheria. Sheria za kandanda ni 17, na zenyewe zinaruhusu, kwa michezo ya vijana, kupunguza ukubwa wa uwanja, uzito wa mpira na muda wa kila kipindi, hata kumrudisha mchezaji aliyekwisha kutolewa. Asiyeyajua hayo huwachezesha watoto kama watu wazima. Pili, awe karibu na mpira, aamue alichokiona, si alichokisikia kwa washangiliaji. Tatu, aeleze kosa kwa maneno machache. Mtoto aliyeadhibiwa bila kujua kosa lake hujifunza woga, hajifunzi sheria. Nne, mtoto akiumia kichwa asimamishe mchezo papo hapo, hata kama bao liko njiani.

Ifakara inajulikana kwa utafiti wa malaria. Mtaalamu aliyeinamia darubini hutoa jawabu lile lile, damu iwe ya mkulima wa mpunga au ya mkubwa wa serikali. Mwamuzi naye hana budi kuwa hivyo.

Hasara ya kukosa haki si bao moja tu. Shule inapochezesha mamluki, kijana aliyevuka umri au asiye mwanafunzi wa hapo, na mwamuzi akafumba macho, mtoto halali hupoteza nafasi yake, na wenziwe wote hufundishwa kwamba udanganyifu hulipa. Hao ndio watakaokuwa makarani, mahakimu na viongozi wetu wa kesho.

Kwa hiyo tunawaomba maafisa elimu na maafisa michezo, Bara na Visiwani, wasimamie mambo matano. Mwalimu asichezeshe mchezo wa shule yake. Kata zibadilishane waamuzi. Kabla ya msimu, vyama vya waamuzi viwape walimu mafunzo, hata ya siku mbili. Nauli na posho zitoke halmashauri au wizarani, si kwa shule mwenyeji, maana anayelishwa na mwenyeji hukaribia kumwonea haya. Na majina ya wachezaji yakaguliwe kwa rejista ya shule kabla ya filimbi ya kwanza.

La mwisho linawahusu viongozi wenyewe. Kiongozi anayeingia uwanjani kumkaripia mwamuzi mbele ya watoto huvunja kwa dakika moja kazi ambayo mwalimu ameifanya mwaka mzima. Mwenye malalamiko ayaandike, ayapeleke kwa kamati. Tangu mwaka 2024 wasimamizi wa sheria za kandanda duniani wametoa mwongozo unaoruhusu nahodha peke yake kumwendea mwamuzi. Ikiwa mchezaji anatakiwa kujizuia, mgeni rasmi anatakiwa zaidi.