Mtoro huhitaji mlango wa kubisha

Neno “mtoro” siku hizi tunalisikia kwenye vikao vya wazazi shuleni, likimaanisha mwanafunzi anayekwepa masomo. Katika karne ya 19 lilikuwa na uzito mwingine. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na kukamatwa kwake kungeweza kumgharimu maisha.

Sisi wa Mpwapwa historia hii inatuhusu. Msafara uliotoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ulivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha ukapumzika hapa kwa sababu palikuwa na maji. Zilipita pembe za ndovu, na walipita watu waliofungwa minyororo. Ndiyo maana Mpwapwa imo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kama sehemu ya njia ile ya watumwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Sasa jiulize, mzazi. Mtu akishafanikiwa kutoroka, anakwenda wapi? Kwao ni mbali, hapo alipo hana ndugu, na yeyote atakayekutana naye anaweza kumkamata na kumuuza tena. Kukimbia kulikuwa nusu ya safari. Nusu ya pili ilitegemea kama yupo mtu wa kumfungulia mlango, kumpa chakula na kufunga mdomo.

Watu hao walikuwepo. Rabai, karibu na Mombasa, watoro waliingia kidogo kidogo wakaishi miongoni mwa wenyeji na Wakristo wa misheni. Kiongozi wa misheni hiyo miaka ya 1880 alikuwa William Jones, Myao ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa utotoni, akaokolewa na kusomeshwa India. Mwaka 1888 mabwana walipodai watu wao, ilionekana kwamba watoro waliojificha kwenye misheni za eneo hilo walikuwa wapatao 1,400. Tarehe 1 Januari 1889 walipewa hati za uhuru, baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza kukubali mabwana walipwe fidia.

Katika nchi ya Wagiriama, watoro walikuwa na kijiji chao, Fuladoyo. Kiongozi wake, David Koi, aliuawa kwa sababu ya kuwahifadhi. Kufungua mlango hakukuwa jambo la bure.

Marekani nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Harriet Tubman alitoroka utumwani mwaka 1849, lakini alirudi takribani mara 13 na kuwatoa watu wapatao 70, wakipita usiku nyumba kwa nyumba, kwa watu walioaminiana.

Sheria ilikuja taratibu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Kwa miaka 49 hiyo, aliyeonewa hakuweza kusubiri karatasi. Alihitaji mtu.

Kwa nini naandika haya kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu mabinti bado wanaondoka vijijini kwetu kwenda kufanya kazi za ndani mijini, wakiwa wamefuatana na “shangazi” ambaye familia imemfahamu wiki moja tu. Wapo wanaotunzwa vizuri. Wapo pia wanaonyang’anywa simu, wasiolipwa, wanaopigwa. Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Lakini binti aliyefungiwa ndani hawezi kuifikia sheria asipojua pa kubisha.

Basi kabla binti hajapanda basi, hakikisha mambo haya:

Akariri namba mbili za simu kichwani, si kwenye karatasi. Ajue jina la mtaa na kata anayokwenda, na wewe ulijue pia.

Awepo mtu mmoja wa kwenu katika mji huo, asiye na uhusiano na mwajiri, anayeweza kumkimbilia hata usiku.

Kubalianeni neno la siri. Akilitaja kwenye simu, hata kama bosi amekaa pembeni, ujue hali ni mbaya.

Ajue namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Ajue kwamba mwenyekiti wa mtaa na dawati la jinsia na watoto la polisi wapo kwa ajili yake.

Na akirudi amekonda, ana makovu ya kuungua au anashtuka usingizini, mpeleke kituo cha afya kwanza. Polisi watatoa fomu ya PF3 ili majeraha yaandikwe na kesi isimame.

Kuna maneno ambayo mtoto huyo hapaswi kuyasikia: “Rudi ukavumilie, kazi ni kazi.” Zamani walikuwepo waliowarudisha watoro kwa mabwana zao, na walikuwepo waliowafungulia. Binti yako anapobisha usiku, mlango wa kwanza anaoufikiria ni wako.