Nani Alisema "Sorry" ni ya Mkosaji Peke Yake?

Kuna somo dogo ambalo wengi waliojifunza Kiingereza Afrika Mashariki wamelipata, kama si darasani basi kazini: mtu akijikwaa mbele yako, usimwambie "sorry". Hukumsukuma, wala jiwe hukuliweka wewe. Sasa unaomba radhi ya nini? Mtoa somo kwa kawaida humalizia na kisa cha Mzungu aliyejibu kwa mshangao kwamba kosa halikuwa lako. Watu hucheka, na aliyekuwa akisema "sorry" kwa moyo safi huanza kuona haya. Kwa maoni yangu somo hilo limekaa upande, na limezaa madai mengine yanayostahili majibu.

Tuanze na dai lenyewe, kwamba "sorry" maana yake ni kuomba msamaha, basi. Anayedai hivyo na aangalie Mwingereza anavyoandika kadi ya rambirambi. Huandika kwamba yeye ni "sorry" kwa msiba uliowapata, na hakuna mfiwa anayemshuku kuwa ndiye aliyemuua marehemu. Ukimweleza kuwa mwanao amelazwa, neno litakalomtoka ni hilo hilo. Wala si mtindo wa juzi. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, neno hili lilikuwa "sarig", kutokana na "sar", yaani maumivu au kidonda. Aliyekuwa "sarig" alikuwa na uchungu moyoni. Nani kausababisha uchungu huo, neno halikusema. Maana ya kutaka radhi ilikuja ikapandia juu ya ile ya kwanza: naumia kwa nililokutendea. Huko Australia, wenyeji wa asili wanapoongea Kiingereza huita shughuli zote za msiba, pamoja na miiko na maombolezo yake, "sorry business". Mwenye kulitafsiri hilo kuwa shughuli ya kuombana msamaha atachekwa matangani.

Kwa hiyo Mganda au Mkenya anayempa "sorry" aliyejikwaa hajabuni maana mpya. Tofauti ipo, lakini ipo mahali pengine. Mtu wa London huliweka neno hili la huruma kwa mambo mazito kidogo, na mara nyingi hulisema ndani ya sentensi nzima. Ukijigonga kidole cha mguu atakuuliza kama u mzima, na yamekwisha. Sisi tuna "pole", na pole haina kipimo: pole na kazi, pole na safari, pole kwa mafua, pole kwa kufiwa na mama. Upana huo tumeupakia kwenye "sorry", nayo imeubeba bila shida. Waghana na Wanigeria hufanya vivyo hivyo, na wao hawana "pole". Wana maneno yao ya Kiakan na Kiyoruba yanayofanya kazi hiyo. Kosa linalorudiwa na mamilioni ya watu kutoka Accra hadi Mombasa, na wote wakaelewana, sijui kama bado tunaweza kuliita kosa.

Wapo wanaotaka kututetea kwa hoja mbovu. Husema "sorry" ni mtoto wa "sorrow", huzuni, kwa hiyo sisi ndio tulioshika asili. Maneno hayo mawili hayakuzaliwa pamoja. "Sorrow" linatokana na "sorg", ndugu wa neno la Kijerumani lenye maana ya wasiwasi. Yamefanana kwa kukaa jirani karne nyingi, kila moja likiambukizwa sauti na maana ya mwenzake. Hoja yetu ina miguu bila kuazima huu.

Dai la tatu lina meno zaidi, maana linagusa mfuko: ukigongana na mtu barabarani usithubutu kutamka "sorry", umeshakiri. Hofu hii haikutoka hewani. Mawakili wameitumia, na ndiyo maana nchi kadhaa zimelazimika kutunga sheria ya kuiondoa. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitangulia mwaka 1986, likasema maneno ya kumhurumia aliyeumia ajalini hayatatumika kama ushahidi wa kosa. Uingereza na Wales zilifuata kwa sheria ya fidia ya mwaka 2006: kuomba radhi, peke yake, si kukiri uzembe. Ontario, Kanada, ikapata sheria yake mwaka 2009. Neno lingekuwa na maana moja tu ya kukiri, kusingekuwa na kitu cha kulindwa. Sheria hizo zilitungwa kwa sababu daktari aliyepotewa na mgonjwa anaweza kusema "sorry" kwa uchungu wa kweli huku mikono yake ikiwa safi, na akishtakiwa kwa neno hilo, kesho yake atanyamaza. Hata hivyo dereva asidhani kila mahakama duniani inamlinda.

Utata huo huo uliwahi kuwaokoa watu 24. Aprili 1, 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, alipotea baharini. Wamarekani wakatua kisiwani bila ruhusa na kushikiliwa. China ikadai iombwe radhi. Siku ya 11 balozi wa Marekani alikabidhi barua iliyosema nchi yake ni "very sorry" kwa kupotea kwa rubani, na "very sorry" tena kwa ndege kuingia na kutua bila idhini. Beijing ikawatangazia watu wake kwamba imeombwa radhi. Washington ikawaambia wa kwake kwamba imesikitika tu. Mabaharia na wanahewa wakarudi makwao.

Kwamba Waingereza ni wanyenyekevu kwa vile "sorry" haibanduki kinywani mwao? Mwanaanthropolojia Kate Fox, mwenyewe Mwingereza, alijipitisha mitaani akiwapiga watu vikumbo kwa makusudi, na wengi wa hao aliowagonga ndio waliomtaka radhi yeye. Hapo neno limekuwa kama honi tu. Hulitumia hata kumkatiza mtu maneno, kumwomba arudie alichosema, na kufungulia mlango ubishi mkali.

Na tusijisifu mno kwamba Kiswahili kimeyatenga mambo haya, pole huku na samahani kule. Nairobi mtu huingia kikaoni na kusema "pole, nimechelewa", na wenzake wanaelewa kuwa anaomba radhi. Mzanzibari atajiuliza nani anampa pole nani. Lakini hata pwani, kanyaga mguu wa mtu kwenye daladala uone unavyosema: "Aa, pole dada, samahani." Yanatoka yote mawili kwa pumzi moja, kwa sababu ameumia na wewe ndiye uliyemuumiza.

Limebaki dai la wakubwa: serikali ikisema imesikitika, basi imeomba radhi. Hapa ndipo ninapowaomba wenye huruma wawe wakali. Juni 6, 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alilieleza bunge lake kwamba serikali inakubali Wakenya waliteswa wakati wa vita vya Mau Mau na inajutia hayo kwa dhati. Walalamikaji 5,228 walitengewa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi. Katika kauli hiyo hiyo serikali iliendelea kukana kuwa na dhima kisheria. Miaka kumi baadaye, Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alisimama Nairobi akataja huzuni kubwa na majuto mazito, akasema ukatili ule hauna udhuru. Alichagua "sorrow", yule jirani. Waliokuwa wakisubiri kuombwa msamaha walirudi nyumbani bila huo msamaha.

Mawaziri wakuu wa Australia nao walitofautiana juu ya neno "sorry". John Howard mwaka 1999 alipitisha bungeni azimio la majuto kuhusu waliyotendewa wenyeji wa asili, akakataa katakata kusema "sorry". Kevin Rudd alilisema Februari 13, 2008, kwa watoto waliokuwa wamenyang'anywa wazazi wao, na alilisema kwa maana zote mbili.

Siku moja tu baada ya hotuba ya Charles, Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, mbele ya wajukuu na vitukuu vya Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Hakuwapa pole. Aliwaomba msamaha, kwa kitenzi cha kuomba, kwa waliyoyatenda Wajerumani. Kuhusu fuvu la chifu, ambalo ukoo unaamini lilipelekwa Ujerumani, aliahidi kushirikiana nao kulitafuta, akaongeza kwamba hawezi kuwaahidi kuwa litapatikana.