Hisa za Timu Isiyokuwepo

Tuseme unapita sebuleni jioni, ukamsikia kijana wako wa kidato cha tatu akimwambia mwenzake kwenye simu: "Memphis nimeziuza zote. Nimenunua Utah kabla bei haijapanda." Bila shaka utasimama. Fedha kazipata wapi? Na tangu lini mtoto anayeomba nauli ya shule akawa na hisa Marekani?

Akina mama kadhaa wametuuliza juu ya jambo hili, wengine kwa hofu, wengine kwa fahari kidogo, maana neno "hisa" lina heshima yake. Hofu na fahari zote tunazielewa. Lakini kabla ya kumnyang'anya mtoto simu, au kumsifia mbele ya wageni, inafaa tujue anachokifanya.

Kwanza ligi yenyewe haipo. Mpira wa kikapu upo, na asili yake itawafurahisha wengi wetu: ulibuniwa Desemba 1891 mjini Springfield, Massachusetts, katika chuo cha mafunzo cha Chama cha Vijana Wakristo, YMCA. Mwalimu James Naismith alikuwa anatafuta mchezo wa ndani wa kuwachangamsha vijana wakati wa baridi kali. Akapigilia vikapu viwili vya matunda ya pichi ukutani, akaandika sheria 13, na mambo yakaanza. Ligi anayoizungumzia kijana wako ni kivuli cha mchezo huo.

Katika ligi ya kubuni hakuna anayerusha mpira. Watu kama thelathini, kila mmoja akiwa kwao, hugawana timu kwa kuiga ligi kubwa ya Marekani, NBA, ambayo ina timu 30 na kila timu hucheza michezo 82 kwa msimu. Mchezaji ndani ya kompyuta ni tarakimu tu: kurusha kwa mbali alama 70, kudaka mipira inayorudi alama 45, pumzi alama 60. Meneja huamua nani aanze, nani akae benchi, nani abadilishwe na mchezaji wa timu nyingine. Kisha mwenyekiti wa ligi hubonyeza kitufe, na programu hupiga hesabu ya mchezo mzima kwa kuchanganya tarakimu hizo na bahati kidogo, mithili ya mtu anayerusha dadu mara mamia. Punde matokeo yanatoka, nani kashinda, nani kafunga pointi ngapi, nani kaumia goti. Msimu ambao kule Marekani huanza Oktoba na kwisha Juni huweza kumalizika humo kwa wiki chache.

Si jambo jipya sana. Mwaka 1961 Mmarekani Hal Richman alianza kuuza mchezo uitwao Strat-O-Matic, wa kadi na dadu, ambao ulimwezesha mtu kuchezesha mechi za besiboli mezani kwake. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake wa New York wakaanzisha ligi yao ya kumiliki wachezaji kwa kubuni. Kompyuta zilipoingia majumbani, kazi ya kadi na dadu ikahamia humo.

Sasa soko la hisa limeingiaje? Ligi za namna hii zina ugonjwa mmoja: timu mbovu. Meneja ambaye timu yake imefungwa michezo ishirini mfululizo huchoka, akaacha kuja. Kwa hiyo baadhi ya ligi zimeongeza mchezo ndani ya mchezo. Kila mshiriki hupewa fedha za kubuni, sawa kwa wote, na kila timu huwa na hisa zenye bei. Timu ikishinda, bei hupanda, ikifungwa, hushuka. Penginepo kila ushindi hulipa gawio dogo kwa mwenye hisa. Hivyo hata mwenye timu mbovu ana sababu ya kufuatilia ligi nzima.

Wale mlio katika VICOBA mnazijua hisa. Unanunua kila wiki, mwisho wa mzunguko mnagawana. Lakini hisa ya kikundi haipandi bei Jumanne na kushuka Alhamisi. Ya sokoni ndiyo hufanya hivyo, na hapa pana somo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo zuri kuliko yote katika mchezo huu. Tufanye hesabu.

Tuseme mtoto kapewa 10,000. Timu kali ya ligi inauzwa 80 kwa hisa, na timu ya katikati, ambayo hakuna anayeitazama, inauzwa 25. Ananunua hisa 100 za ile kali kwa 8,000, na hisa 80 za ile ya katikati kwa 2,000. Baada ya michezo 12, timu kali imeshinda 10. Vizuri sana! Lakini kila mtu alitegemea hivyo, kwa hiyo bei imepanda kutoka 80 hadi 84 tu. Kapata 400. Timu ya katikati imeshinda 7. Si nyingi, ila hakuna aliyezitarajia, na bei imetoka 25 hadi 40. Kapata 1,200 kwa mtaji ambao ni robo ya ule wa kwanza.

Mtoto akilielewa hilo kwa mara ya kwanza, huwa kama kafunuliwa jambo: kwamba kitu kizuri kinaweza kuwa biashara mbaya kwa sababu uzuri wake umeshalipiwa ndani ya bei. Mama muuza nyanya analijua hili bila kompyuta. Anapokwenda shamba hanunui tenga kwa kuwa nyanya ni nzuri, bali kwa kuwa anajua zitakuwa adimu sokoni siku tatu zijazo.

Upande wa pili si mtamu hivyo.

Yule mwenye hisa ndiye pia meneja wa timu. Anajua, kabla ya mwingine yeyote, kwamba kesho atamtoa mchezaji wake bora ili apate vijana wa miaka ijayo. Timu yake itafungwa msimu mzima. Je, auze hisa zake usiku huu kwa rafiki ambaye hajui? Katika masoko ya kweli jambo hilo ni kosa la jinai. Sheria zinamkataza mtu kufanya biashara ya hisa kwa siri aliyoipata kwa sababu ya nafasi yake, na hapa Tanzania makatazo hayo yamo katika Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994. Ndani ya ligi ya kubuni polisi hawaji. Kuna mwenyekiti tu, na pengine yeye mwenyewe huyaona matokeo kwanza kabla hajayatangaza. Ligi zilizotulia hufunga soko kabla ya matokeo kutoka, na humkataza meneja kununua au kuuza hisa za timu yake. Zisizotulia huacha mlango wazi, kisha watu hushangaa kwa nini ugomvi hauishi.

Lipo na lile la kuuza hisa usizokuwa nazo. Tulieleze kwa mahindi. Unamwazima jirani gunia, unaliuza leo kwa shilingi 80,000 kwa kuwa ni msimu wa njaa. Mavuno yakija unanunua gunia kwa 50,000, unamrudishia jirani, na 30,000 inabaki kwenye kanga yako. Biashara halali, mradi jirani karidhia na bei imeshuka kweli. Ikipanda, umekwisha. Katika mchezo huu, kijana anayefanya hivyo juu ya timu fulani huamka akiomba timu hiyo ifungwe. Na ikiwa ni timu anayoiongoza yeye? Meneja anaweza kumkalisha mchezaji wake bora benchi ili bei ishuke apate faida. Kijana wa miaka kumi na sita akikabiliwa na chaguo hilo, hata kwa fedha za karatasi, anajifunza kitu juu yake mwenyewe. Sisi tungependa ajifunze akiwa nyumbani, karibu na mtu wa kumwuliza.

Ligi nyingine hutumia wachezaji wa kweli, na hisa huwa za mtu badala ya timu. Hapa Watanzania tuna habari yetu. Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, timu za NBA zilichagua wachezaji wapya. Wa kwanza alichaguliwa Blake Griffin. Wa pili, na timu ya Memphis Grizzlies, alikuwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Kama kungekuwa na soko usiku ule, hisa ya Thabeet ingeuzwa ghali kuliko ya Curry, na wajuzi wangetoa sababu nzuri kabisa. Curry akaja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, Harden mwaka 2018. Thabeet alipelekwa kwenye ligi ndogo ya maendeleo ndani ya msimu wake wa kwanza, akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaisha.

Mcheza hisa ataiita hasara. Wengi wetu tuliona kijana wa nyumbani akisimama pale ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kusimama. Tarakimu ya bei inajibu swali moja dogo tu, yaani watu walitegemea nini na wakapata nini. Mwana akizoea kumtazama mchezaji hivyo, ni vizuri mama amkumbushe mara mojamoja kwamba huyo naye ana mama yake.

Tufike sasa kwenye fedha halisi. Mchezo tulioueleza hauna senti ya kweli ndani yake. Mshindi hupata sifa, au alama za kumwongezea mchezaji wake uwezo msimu ujao, kisha hesabu zote hufutwa na kila mtu huanza upya. Hatari iko kwa jirani yake anayefanana naye sura. Mwezi Oktoba 2015 kampuni moja ilifungua Football Index huko Uingereza, mahali ambapo watu walinunua "hisa" za wanasoka kwa paundi za kweli na kupokea "gawio". Kila kitu kilivaa nguo za soko la hisa. Kisheria ilikuwa kamari, na kila "hisa" ilikuwa dau la miaka mitatu. Mapema Machi 2021 kampuni ilitangaza kupunguza magawio kwa kiasi kikubwa, bei zikaporomoka, na tarehe 11 mwezi huohuo leseni yake ikasimamishwa. Wateja waliachwa na madau yaliyokadiriwa kufikia paundi milioni 90. Serikali iliagiza uchunguzi huru, na ripoti ikatoka Septemba mwaka huo. Wengi wa waliopoteza walidhani wanawekeza.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, usimwulize mwanao kama anacheza hisa. Mwambie akuonyeshe mahali pa kuweka fedha. Kama hakuna, na hakuna njia ya kuzibadili alama kuwa shilingi, wala wenzake hawauziani alama hizo pembeni, ni mchezo. Kama kuna nafasi ya kuandika namba ya simu ya malipo, hata kwa "shilingi mia tano tu za kuanzia", ni kitu kingine, hata kikiwa na picha za mpira na maneno ya benki.

Na kama kijana ameonyesha kipaji cha hesabu hizi, yako mashamba bora ya kukilimia. Shule za Marekani zimekuwa na mchezo wa soko la hisa tangu 1977, ambapo wanafunzi hupewa dola 100,000 za kubuni kununua hisa za makampuni ya kweli. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, nalo limewahi kuendesha mashindano ya uwekezaji kwa wanafunzi wa vyuo. Bei za makampuni yaliyo pale zinatangazwa. Mpe daftari, achague kampuni tatu, aandike bei kila Ijumaa kwa miezi sita bila kutoa hata shilingi, na aandike pia sababu ya kuchagua. Baba naye anaweza kuchagua zake. Tunajua nyumba ambapo jambo hilo limewapatanisha baba na kijana waliokuwa hawasemezani ila kwa salamu.

Limebaki suala la saa. Ligi nyingi za namna hii hufuata saa za Marekani. Saa mbili usiku ya New York kwetu ni saa tisa au saa kumi alfajiri, kulingana na majira ya huko. Ukiona taa ya simu chini ya shuka saa hizo, huenda kijana anasubiri matokeo tu. Simu ilale chumbani kwako. Matokeo hayo atayakuta palepale akirudi shuleni.