Mkeka ni wa Kukanyaga, Si wa Kupigia Picha

Ndugu zetu wa mashirika, leo tunasema wazi. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, mnakuja kwa fundi wetu hapa Kakuma, mnabeba mikeka yake ya turubai, mnaitundika ukutani. Picha, makofi, halafu anarudishiwa mikeka pamoja na cheti. Cheti jameni! Duka gani linauza vanishi kwa cheti?

Hiyo kazi mnaijua lakini? Turubai zito la pamba linawambwa, linapakwa rangi nyeupe ya msingi, kingo zinakunjwa na kutiwa gundi. Mistari ni chaki na rula. Rangi moja ikauke ndipo nyingine ije, kisha vanishi mara tatu, nne. Vumbi la hapa (mnalijua, si mnafunga vioo vya gari) likitua kabla haijakauka, anapiga msasa anaanza upya. Yote hayo ili mtu akanyage, amwage chai, apanguse na kitambaa chenye maji, basi.

Na msituandikie "ubunifu wa kambini". Uingereza ya karne ya 18, wenye pesa walitandika turubai la rangi namna hii sakafuni, mpaka linoliamu ya Frederick Walton, ya miaka ya 1860, ikalisukuma pembeni. Ilikuwa biashara, si huruma.

Ofisi zenu zina sakafu. Zipimeni, wekeni oda, lipeni nusu kwanza anunue rangi, nusu akileta.