Nywele za Rangi na Jua la Kaskazi



Harusi za Desemba zimekwisha, sikukuu zimepita, na sasa tumo ndani ya kaskazi. Kila ifikapo Januari na Februari barua mnazoniletea hubadilika. Mama aliyepaka rangi kwa ajili ya send-off ya mdogo wake sasa anauliza mbona nywele zimekuwa timtim, hazilali hata akizipaka mafuta. Mwingine anasema rangi nyeusi imegeuka kama kutu ya bati. Wa tatu anakuta nywele kwenye mto kila asubuhi. Na karibu wote humalizia na swali lile lile: je, nipake tena?

Kuna pia wanaouliza kama kupaka rangi ni dhambi. Hilo nawaachia wachungaji wetu. Mimi ni muuguzi, nitasema ya muuguzi.

Kwanza tuelewane unywele ni kitu gani. Mzizi ulio ndani ya ngozi una uhai, unalishwa na damu. Sehemu unayoiona na kuichana haina uhai, ndiyo maana kinyozi akiikata huumii. Kidonda cha mguu hupona kwa sababu nyama iko hai. Unywele ukishachanika hauponi. Chupa inayoandikwa kwamba inaponya nywele zilizoharibika inazifunika tu kwa muda, na ukiosha mara mbili tatu unarudi pale pale. Sisemi usiinunue, nasema ujue unanunua nini. Nywele huota karibu sentimeta moja kwa mwezi, kwa hiyo zilizoharibika leo utakaa nazo mpaka uzikate au zikatike zenyewe.

Sasa, unywele ukitazamwa kwa hadubini unaonekana umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama makuti ya paa. Makuti yakilala vizuri, nyumba haivuji. Rangi ya kudumu, ile inayochanganywa kutoka vyombo viwili, hufanya kazi kwa kuyainua makuti hayo. Amonia hufungua njia, peroksidi huichuja rangi yako ya asili, halafu rangi mpya hujengeka humo ndani. Kazi ikiisha makuti hujaribu kurudi, lakini hayalali tena kama mwanzo. Aliyetia blichi ili apate rangi ya dhahabu ameyainua zaidi kuliko aliyepaka nyeusi kufunika mvi.

Paa likiwa hivyo, maji huingia na kutoka ovyo. Hapa Dar es Salaam joto la mchana miezi hii hufika nyuzi 31 au 32, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Ndivyo ilivyo Tanga, Unguja na Mombasa. Nywele za rangi hunywa unyevu huo na kuvimba, moja huku nyingine kule, na hilo ndilo timtim unalolalamikia. Wenzetu wa Dodoma na Singida shida yao huja kati ya Agosti na Oktoba, hewa inapokuwa kavu, nywele zinapokauka na kuvunjika kama nyasi. Nywele zetu za kipilipili zina ugumu wa ziada: mafuta ya ngozi hayashuki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja, na kila kona ya mkunjo ni mahali pa kukatikia.

Juu ya hayo, ongeza jua. Miale yake huvunja ile rangi uliyoilipia, na huvunja pia protini inayoushikilia unywele. Kinga yake iko kabatini mwako: khanga, mtandio au kilemba. Pamba hunyonya mafuta na kusugua nywele, kwa hiyo weka kwanza kitambaa laini cha satini ndani, kisha khanga juu. Usifunge nywele zikiwa mbichi ukashinda nazo sokoni, kwa maana joto na unyevu vikikaa pamoja kichwani huleta harufu na mwasho. Na mwavuli si wa mvua peke yake.

Kuosha ndiko kunakoharibu nywele nyingi kuliko jua. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, ina alkali inayoyainua makuti upya kila unapoosha, na rangi inatoka na povu. Tumia shampuu ya kawaida, mara moja kwa wiki inatosha kwa wengi wetu hata wakati wa jasho. Siku nyingine suuza kwa maji tu na upake kondishena. Sisi tunaoishi mitaa yenye visima vya maji ya chumvi tunajua shampuu haitoi povu na nywele hubaki ngumu kama kamba. Osha kwa maji hayo kama hakuna mengine, lakini jagi la mwisho liwe la maji ya mvua au ya bomba. Ukipenda, tia kijiko kimoja cha chakula cha siki ndani ya lita moja ya maji hayo ya mwisho. Husaidia makuti kulala. Usitie kama una michubuko, utaruka. Na usitumie ndimu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, yanaweza kukuunguza ukapata malengelenge na mabaka meusi ya miezi.

Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, paka mafuta ya nazi kwenye nywele zenyewe, hasa ncha, usimimine utosini. Bibi zetu walikuwa sahihi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na watafiti wa India uliwaunga mkono: walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, wakaona ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza sana upotevu wa protini ya unywele wakati wa kuosha, kwa kuwa yanaweza kupenya ndani. Mafuta mgando hayapenyi. Hukaa juu, na kwa vumbi la barabara zetu, baada ya siku mbili kichwa ni kama gurudumu la baiskeli.

Ukienda baharini na watoto, lowesha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuingia. Nywele zilizokwisha kunywa maji matamu hazina nafasi kubwa ya kunywa ya chumvi. Ukitoka, suuza mara moja. Fanya hivyo hivyo kwenye bwawa la kuogelea lenye klorini.

Kuhusu draya na pasi ya nywele, kwa miezi hii miwili zipumzishe. Ukiweka pasi ukasikia "chaa!", hayo ni maji yanayochemka ndani ya unywele na kuupasua. Chana kwa chanuo la meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda juu, nywele zikiwa na kondishena. Ukisuka, mwambie msusi asivute. Mabutu ya kulegea yanatosha.

Hapo hatujagusa dawa. Wengi wetu tunaweka dawa ya kulainisha na rangi pia, na wengine hutaka vyote Jumamosi moja kwa sababu nauli ya kwenda mjini ni moja. Mama mwenzangu, usikubali. Dawa nyingi zina sodiamu haidroksaidi, ile ile kostiki inayotengenezea sabuni. Inakata viungo vya ndani vya unywele ili ulegee. Peroksidi ya rangi ikifuata siku hiyo hiyo, unywele unabaki na nini? Kama ni lazima uwe na vyote, tangulia na dawa, subiri wiki mbili kwa uchache, ndipo upake rangi. Nywele zilizotiwa blichi zisipakwe dawa kabisa. Msusi akikuambia, "Dada, mimi nafanya kila siku," mshukuru na ujifunge mtandio wako.

Sasa nirudi kwenye lile swali la kupaka tena, maana hapo hatuzungumzii urembo peke yake.

Rangi nyingi nyeusi na za kahawia iliyoiva zina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Imo kwenye paketi za unga tunazouziwa dukani, na kwenye piko inayochanganywa na hina ili ichore nyeusi mikononi mwa maharusi. Hina ya majani peke yake hutoa rangi nyekundu au ya hudhurungi, haitoi nyeusi tii. Ukiona nyeusi, ujue kuna kilichoongezwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka PPD isizidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa nywelenj, na hazikubali ichorwe kwenye ngozi. Vipaketi vingi vya madukani mwetu havielezi kiasi.

Wengi huitumia bila madhara. Lakini mwili wa mtu unaweza siku moja kuikataa, na ukishaikataa, kawaida hausahau. Nimepokea wodini mama ambaye uso ulivimba hadi macho yakafumba, masikio yanachuruzika maji, na jambo alilorudia kutuambia ni kwamba rangi ile ile ameitumia miaka mingi. Ndiyo, inawezekana. Kuitumia miaka kumi bila shida si cheti. Na binti aliyewahi kuwashwa na kupata malengelenge alipochorwa piko harusini, akija kupaka rangi ya nywele akiwa mtu mzima anaweza kudhurika vibaya sana. Mtu wa namna hiyo asipake rangi hizi hata kidogo, wala asijijaribu.

Kaskazi huongeza hatari. Kichwa kina jasho, tumekikuna, tumefumua rasta tukaacha michubuko, kisha tunapaka rangi mara ya pili ndani ya wiki sita kwa sababu ya kwanza imepauka. Ngozi iliyochubuka haizuii kitu.

Kwa hiyo pima kabla. Chukua rangi kidogo kama maelekezo ya paketi yanavyosema, paka nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, eneo dogo kama punje ya hindi, na usubiri saa 48. Fanya hivyo kila mara, hata kwa paketi ile ile uliyoizoea. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakivimba, osha na uitupe. Najua saa 48 ni ndefu kwa mtu aliyekumbuka Ijumaa kwamba harusi ni Jumamosi.

Ukishapaka kichwani na kichwa kikaanza kuwaka au kope kuvimba, usivumilie dakika zitimie. Osha kwa maji mengi na shampuu, kisha nenda zahanati. Pumzi ikibana, sauti ikikauka, ulimi ukivimba au ukisikia kizunguzungu, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Jambo moja nasema kwa mkazo zaidi: PPD ikimezwa inaua. Huvimbisha koo na kuharibu figo. Usiimimine rangi kwenye chupa ya soda, usiiache kwenye kikombe bafuni, na paketi iliyobaki ifungiwe mahali mtoto hafiki. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali na uchukue paketi mkononi.

Wajawazito mmeuliza pia. Kiasi kinachopita kwenye ngozi ya kichwa kisicho na michubuko ni kidogo, ila wataalamu wengi hushauri kusubiri miezi mitatu ya kwanza ipite. Mimi ningesubiri mpaka mtoto azaliwe, kwa sababu tu harufu ya amonia na kichefuchefu havipatani.

Nimalizie kwa mama wa Temeke anayemuoza binti yake mwishoni mwa Februari. Anasema mvi zimetoka pembeni, na nywele zilizobaki zina rangi ya kutu. Mama, kama rangi ya mwisho ilikuwa Desemba, na kichwa hakina kidonda, na umepima saa 48 salama, paka kwenye mizizi iliyoota tu. Usishushe rangi mpaka kwenye ncha. Hizo zimeshakunywa za kutosha. Vaa glovu, paka mafuta mgando kwenye paji la uso na masikio, hapo ndipo kazi yake nzuri ilipo, na usizidishe dakika zilizoandikwa. Ncha zilizopasuka mwambie msusi azikate sentimeta mbili. Usipokuwa na nafasi ya kupima, acha rangi, na umwombe fundi abakize kipande cha kitambaa cha sare kitoshe kilemba.