Kujua Mwisho Si Kuijua Filamu

Eti filamu za mapenzi na vichekesho hazina maana kwa kuwa mwisho wake unajulikana! Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Katika tamthilia ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, nani asiyejua mapema kwamba Beatrice na Benedick wataishia kupendana? Kugombana kwao ndiyo raha yenyewe, na ndiko mwongozaji Will Gluck alikokuchukua akatengenezea filamu ya Anyone But You, iliyorekodiwa Sydney na kutoka mwaka 2023.

Mtoa hoja anadai pia kwamba watazamaji wamezichoka filamu za aina hii. Wamezichoka wapi? Filamu hiyo ilianza kwa unyonge, takriban dola milioni 6 wikiendi ya kwanza Marekani, kisha watu wakaambizana, ikavuka milioni 200 duniani. Kasoro inazo, wazazi, kwa mfano, wamechorwa juujuu. Lakini kuchekesha ni kazi ngumu: neno likichelewa kidogo tu, kicheko kimekufa. Anayetazama huku anachezea simu hukosa yote hayo, halafu anatuambia hakuna kilichotokea. Aitazame kwanza. Kisha ataje onyesho moja linalomkera, tubishane juu ya hilo.